Mganga Hajigangi: Kudibagi Kerneli Kutoka Mbali

Mhariri kaniomba niandike kuhusu kazi yangu, ila kanionya nisiandike kama naandikia maprofesa. Haya, nitajitahidi, na wale wa sheria na uuguzi mnivumilie kidogo.

Kerneli ndiyo moyo wa mfumo wa kompyuta. Programu ya kawaida ikileta matatizo unaisimamisha, unaichungulia ndani, na kompyuta inaendelea na mambo yake. Lakini kerneli ikisimama, basi kila kitu kimesimama: skrini, kibodi, mtandao. Haiwezi kujichungulia yenyewe. Wazee walishasema, mganga hajigangi. Kwa hiyo inatakiwa kompyuta ya pili, iliyo nje, iishike ile ya kwanza na kusoma kumbukumbu yake. Siku hizi ile ya kwanza mara nyingi ni mashine pepe, yaani kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, inayoishi ndani ya seva. Seva iko maabara, wewe uko hosteli, katikati kuna mtandao. Na hapo katikati ndipo watu wanapotoa machozi.

Mwaka jana dada mmoja wa hapa chuoni, mwenyeji wa Tanga, alikuwa anafanya shahada ya uzamili. Tasnifu yake ilikuwa juu ya draiva ya kadi ya mtandao katika Linux, na ilitakiwa ifike mezani Septemba, maana ufadhili na viza vyote vilikuwa vinaishia hapo. Wiki tatu nzima alikuwa hajafanikiwa kuisimamisha kerneli yake hata mara moja. Kila akijaribu kuunganisha, kimya. Msimamizi wake akaanza kumshauri atafute mada nyepesi. Tulipokutana kwenye futari ya jumuiya akaniambia, "Kaka, nadhani haya mambo si ya sisi." Kwa kweli neno lile liliniuma. Nikamwambia, dada, kabla hatujaamua hayo, kwanza tujue kimya kinatoka wapi.

Mashine yake ilikuwa inaendeshwa na QEMU. Ukiiwasha kwa alama ya -s, QEMU hufungua mlango namba 1234 na kungoja programu ya gdb ije kubisha. Sasa sote tunajua mambo ya hodi. Ukibisha ukaambiwa "mwenyewe hayupo", angalau umejua nyumba umefika. Usipojibiwa kitu, huenda hukufika hata uani. Mtandao nao ni vivyo hivyo. Gdb ikikuambia mara moja kuwa muunganisho umekataliwa, pakiti zimefika na hakuna anayesikiliza kwenye mlango huo: nenda katazame QEMU. Ikingoja mpaka muda ukaisha, kwa kawaida kuna mtu njiani anazitupa pakiti.

Yake ilikuwa inangoja mpaka muda unaisha. "Lakini ping inajibu!" akasema. Ni kweli, ila ping haipiti mlango ule. Inatumia itifaki nyingine kabisa, na ukuta wa ulinzi unaweza kuiruhusu hiyo huku ukizuia namba 1234.

Tukaingia kwenye seva yenyewe kwa ssh, tukaendesha gdb palepale. Ikaunganisha papo hapo. Yaani mashine nzima, kerneli nzima. Wiki zote tatu tatizo lilikuwa barabarani, kati ya mtandao wa hosteli na wa maabara. Na ukuta ule ulikuwa unafanya kazi yake tu, kwa sababu mlango wa gdb hauna nywila. Yeyote anayeufikia anaweza kusoma na kubadili kumbukumbu yote ya mashine. Hivyo hatukwenda kuomba ufunguliwe. Tulipita ndani ya ssh, ambayo ilikuwa tayari imeruhusiwa: ssh -L 1234:localhost:1234, ikifuatiwa na anwani ya seva. Gdb ya kwenye laptopu ikabisha mlango wa laptopu yenyewe, ssh ikaubeba ujumbe mpaka maabara.

Mnadhani furaha ilidumu? Akaweka kituo kwenye fanksheni moja ya kerneli, akaianzisha mashine upya, na kerneli ikapita pale kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Kimya cha pili hicho, na hiki hakikuwa cha mtandao. Linux ina kinga iitwayo KASLR, iliyoingia mwaka 2014 na ambayo kwa kompyuta za x86 huwashwa bila kuombwa tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017. Kazi yake ni kuipakia kerneli kwenye anwani tofauti kila inapowaka, ili mshambuliaji asijue kitu kipo wapi. Kumbe na gdb nayo haijui! Inasoma anwani kwenye faili la vmlinux, inakwenda, inakuta mwenyewe kahama. Tuliongeza neno nokaslr kwenye mstari wa kuwashia kerneli, tukahakikisha vmlinux ni ya ujenzi uleule unaoendeshwa, na kituo kikashika. Kwa draiva yenyewe, kwa vile ilikuwa moduli inayopakiwa baadaye, ilibidi pia kutumia amri ya lx-symbols ili gdb ijue imekaa wapi.

Kwa wale wa Windows, mambo ni mamoja ila mwelekeo umegeuka. Njia ya mtandao iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 hutumia UDP, na mashine inayochunguzwa ndiyo inayobisha kwako. Kwa hiyo ukuta wa kutazama kwanza ni ule wa laptopu yako, kwenye mlango uliouchagua, na Microsoft wenyewe wanapendekeza kati ya 50000 na 50039. Hakikisha ule ufunguo wa siri ni uleule pande zote mbili. Na kama Secure Boot imewashwa, izime kabla ya kugusa bcdedit.

Ndio maana siku hizi mtu akiniletea kimya, namuuliza maswali mawili: nani anabisha kwanza, na mara ya mwisho pakiti ilionekana wapi? Kisha tunajaribu kitu kimoja kimoja, tukianzia karibu kabisa na mashine na kurudi nyuma kuelekea hosteli. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja, hata ikikubali hutajua ni kipi kiliponya.

Dada yetu alikabidhi tasnifu yake Septemba, mada ileile ya draiva. Akili alikuwa nayo tangu mwanzo, ila ping inayojibu na gdb isiyojibu zinaweza kumfanya mtu yeyote ajitilie shaka, hasa ukiwa mgeni na maabara nzima hakuna wa kumwambia "hebu njoo utazame". Sasa jamani, watu wenyewe ndio sisi. Mwenye kimya chake asikae nacho wiki tatu. Ijumaa jioni baada ya kikao cha jumuiya nabaki ukumbini na laptopu yangu, njoo na yako.

Nawatakia mitihani mema, na tuonane toleo lijalo, inshallah.