Pweza wa Forodhani na Ulimi Wangu

Leo nina kisa ambacho nikikikumbuka nacheka, halafu naona haya.

Kwetu panaitwa Mnazi, lakini jina lisiwadanganye. Tuko wilaya ya Lushoto, chini tambarare, nyuma ya milima ya Usambara, na bahari tunaisikia tu. Samaki niliowazoea utotoni ni dagaa na perege wakavu. Pweza nilimwona kwenye kitabu cha shule, na nikajua moyoni kwamba huyu si wa kuliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka juzi, Ramadhani ikikaribia, nilikuja Unguja kuchukua vitambaa vya madera. Kutoka Mnazi unapanda mlima hadi Lushoto, unashuka Mombo, unapanda basi la Dar es Salaam, kisha boti. Mama anayenipa vitambaa kwa mali kauli alinipokea kwake, akanilaza, akanilisha, na hakutaka hata shilingi. Usiku ule, baada ya Isha, akatutoa mimi na wanawe watatu twende Forodhani.

Mnapajua wenyewe: taa, moshi wa mishkaki, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Watoto walikwenda moja kwa moja kwenye meza ya pweza. Muuzaji akakata mkono mmoja vipande, akavipitisha kwenye mkaa, akakamulia ndimu, akanyunyizia chumvi na pilipili. Yule mdogo wao, wa miaka 6 hivi, akaninyooshea kijiti chake kabla hajaonja yeye.

"Mama mdogo, chukua."

Niliviona vile vikombe vidogo vidogo vya pweza, nikaruka nyuma. "Toa huko! Sisi kwetu hatuli madude kama haya."

Mtoto akakitazama kijiti, akakirudisha kwenye sahani, na hakula tena. Mama yake hakunigombeza. Alisema tu, "Si lazima, mwenzangu," akaniagizia chipsi. Zile chipsi hazikupita kooni.

Usiku usingizi ulikataa. Nilikumbuka nilipokuwa nasoma ushonaji. Mchana tulikula pamoja, kila mtu na chakula alichobeba. Siku moja nilileta bada, ule ugali wetu wa unga wa muhogo, ambao rangi yake ni ya giza. Mwenzangu mmoja akaziba pua: "Huu ni ugali au udongo?" Wote wakacheka. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu nyuma ya jengo hadi kozi ikaisha. Nina miaka 34 sasa, na bado nikila bada mbele ya watu natazama pembeni kwanza. Na mimi niliyeumizwa hivyo ndiye niliyemfanyia mtoto aliyenipa tonge lake la kwanza.

Kikanijia kisa tulichosomeshwa madrasa. Mtume (s.a.w.) aliwekewa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, naye akaurudisha mkono. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila hapatikani katika nchi ya watu wake, ndiyo maana nafsi yake haimtaki. Khalid akala, na Mtume akimtazama. Basi kutopenda chakula kuna ruhusa. Kukitusi mbele ya anayekila ndiko kusiko na adabu. Na pweza kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi ni halali, ingawa Wahanafi wana kauli nyingine. Kwa hiyo hata kisingizio cha dini sikuwa nacho.

Asubuhi nilimwomba radhi mwenyeji wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mama yangu ametulea kwa pweza." Kwao ni Makunduchi. Maji ya bamvua yakitoka, mama yake alikwenda mwambani na kijiti chake, akachokoa mashimo, akarudi na ada ya shule. Akanieleza pia kwamba pweza jike akishataga hukaa pangoni kulinda mayai yake, hali chakula, na yakishaanguliwa hufa. "Basi uliposema madude, iliniuma," akasema. Sikuwa na jibu.

Jioni nikaomba turudi Forodhani. Nikamwambia yule mdogo, "Nichagulie wewe." Akachagua kwa makini kama anayechagua kitambaa cha Idi. Kipande cha kwanza nilikimeza kwa juisi. Cha pili nikakitafuna: si samaki, si kuku, kinavutana kidogo na meno, halafu utamu unakuja na ndimu. Cha tatu nilinunua mwenyewe, na mtoto akacheka hadi pilipili ikampalia.

Dada yake mkubwa, anayesomea mambo ya hoteli, akanionyesha kwenye simu chakula cha mitaani cha Osaka, Japani. Kinaitwa takoyaki: tako ni pweza, yaki ni kuchoma. Kilianza mwaka 1935. Ni donge la unga wa ngano lenye kipande cha pweza katikati. Nilipoona chombo kinachopikiwa nikapiga kelele: chuma cha vitumbua hiki! Vishimo vilevile, na wanageuza kwa kijiti kama sisi. Ila ukifika huko, uliza kwanza kuhusu mchuzi, maana baadhi ya mapishi yao hutiwa pombe ya mchele.

Nilirudi Mnazi na vitambaa, na pweza mkavu kwenye mfuko. Nilimloweka usiku kucha, nikamchemsha hadi akalainika, nikamkata vipande vidogo. Nikakoroga unga wa ngano na yai, majani ya vitunguu na hoho, nikachoma kwenye chuma changu cha vitumbua. Wanangu hawakubakisha.

Mama yangu alikitazama kimoja, akakigeuza, akakirudisha taratibu. "Mimi siwezi, mwanangu. Lakini wanavyokula hao, vinaonekana vitamu." Akawasogezea sahani.

Mama hakusoma sana. Adabu ile niliyoitafuta usiku mzima Unguja, yeye alikuwa nayo siku zote.

Allah atuhifadhie ndimi zetu, na aanzie mezani. Amin.