Kutoka Msambweni hadi Penye Barafu

Sisi watu wa Msambweni barafu twaijua ya kuhifadhia samaki. Baridi yetu ni ile ya Julai, kusi likivuma alfajiri, na shuka moja yaitosha. Kwa hiyo Agosti iliyopita, tulipofuatana na vijana saba wa madrasa kwenda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, tulikuwa wageni kwelikweli.

Tulivuka Likoni, na usiku wa pili tukalala mita 3,050 juu ya bahari. Haraka hiyo ilikuwa kujidhulumu: wawili walitapika hadi asubuhi. Atakayetufuata na aongeze siku ya kupumzika. Katika kambi ya Mackinder, mita 4,200, jua huchoma mchana, na usiku maji huganda ndani ya chupa. Vijana walikuwa na fulana za pamba, nasi hatukujua kuwa pamba ikishanywa jasho humnyonya mtu joto lake. Kiongozi wetu, mzee mwenyeji wa huko, aliwaazima sweta za sufu.

Wazazi wametuuliza juu ya udhu. Anayechelea madhara ya baridi, wala hana njia ya kupasha maji moto, ana ruhusa ya kutayamamu. Sayyidna Amr bin Al-As alifanya hivyo safarini usiku wa baridi kali, na Mtume (s.a.w.) aliposikia udhuru wake alicheka, asimkemee. Ila kwa madhehebu yetu ya Shafi, sala hiyo hulipwa baadaye. Tena udongo wa juu huko umelowa au umeganda, basi chukueni kifuko cha udongo mkavu wenye vumbi.

Usiku wa kuelekea Lenana, mita 4,985, tuliondoka saa tisa. Mawe yalikuwa na utando wa barafu usioonekana kwa tochi. Mzee alitufunza kukanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi, fimbo itangulie. Kijana mmoja alikuwa akitetemeka tangu kambini, kisha akaacha.

“Maalim, nishapata joto,” akasema kwa ulimi mzito, akaanza kuvua glavu.

Sisi tulimshukuru Mungu. Mzee alishtuka. Mwili ulioacha kutetemeka katika baridi ile, akasema, haukupata joto, umeshindwa. Akaamuru sote turudi.

Vijana walinung'unika, na tukiri kwamba nafsi zetu pia zilivutwa, kwani kilele tulikiona na nauli tulichangiwa na waumini. Tulishuka polepole, maana kwenye barafu kushuka ndiko kunakoangusha. Kambini kijana alivuliwa nguo mbichi, akatiwa ndani ya mfuko wa kulalia, akanyweshwa chai tamu kidogo kidogo. Jua lilipochomoza alianza kutetemeka tena, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Tuliporejea, mama yake alituuliza kama tulifika kileleni. Tukamwambia hatukufika. Akaingia jikoni kututengenezea chai.