Kura ya Mboga, Saa Tatu Usiku

Ninakaa Tabata na kazi yangu iko Kariakoo. Kwa miaka mingi chakula changu cha usiku kilikuwa chipsi mayai na soda baridi, kwa kuwa nikishuka daladala genge la mtaani limeshafungwa, au mboga iliyobaki imenyauka. Kliniki ya presha wimbo ulikuwa mmoja: punguza chumvi, punguza mafuta, kula mboga. Hata viwango vya Shirika la Afya Duniani nilivishika: mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku, chumvi isifike gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Elimu nilikuwa nayo. Mboga sikuwa nayo.

Kilichonigeuza ni grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Jirani mmoja, muuguzi mstaafu, alianza kutuwekea kura kila saa tatu usiku: kesho mchicha, matembele, kisamvu au bamia? Tunabonyeza, tunataja mafungu, tunalipa kwa simu. Bibi wa chumba cha uani ana simu ya kitochi, hivyo mjukuu wangu humpigia kura. Mama wa genge anahesabu, na alfajiri anakwenda soko la Mabibo akijua cha kununua. Nikirudi jioni, hata nikichelewa, nakuta fungu langu kwenye kikapu, limeshachambuliwa.

Mama huyo anasema zamani alinunua mboga kwa kubahatisha, na zilizooza alizifidia kwenye bei ya zilizouzika. Siku hizi anatupa kidogo sana, nasi tunanunua kwa nafuu. Msimu wa maembe ukifika, kura huwa ya maembe, maana ndiyo yamejaa sokoni na hayana gharama.

Baada ya kula, anayetaka anarusha picha ya sahani yake. Muuguzi wetu hamsemi mtu, anauliza tu. Usiku mmoja aliniuliza: "Mchuzi huo una kiungo cha pakiti, na chumvi juu yake?" Nikaenda kusoma pakiti: chumvi ndiyo iliyoandikwa ya kwanza. Tangu hapo natia kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Shauri la kliniki nililisikiliza nikaondoka nalo. Swali la jirani lilinidai jibu, tena jioni ileile, sufuria ikiwa bado jikoni.

Presha yangu imeshuka, ingawa dawa bado nameza kama daktari alivyoagiza. Chipsi sikuziapia: nazila mara mojamoja, na kachumbari tele.

Mitaa mingi ya mjini ina grupu la misiba, ulinzi na michango ya maji. Mwenye nalo aanze kwa kuongea na mwenye genge, wakubaliane saa na bei, ndipo aulize watu kesho wanapika nini.