Waya Uliotuangusha Usiku wa Tarawehe



Usiku mmoja katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 2024, sote wa nyumba yetu hapa Leicester, wakubwa kwa wadogo, tulikwenda msikitini kusali Isha na Tarawehe. Tuliporejea tuliukuta mlango wa nyuma umevunjwa kioo na chumba cha mama kimepekuliwa. Sanduku dogo alilokuja nalo kutoka Unguja, lenye mikufu na vikuku vya harusi yake, halikuwapo. Hatutaki kuirefusha habari hiyo, kwani hatukuwa wa kwanza kufikwa. Mwizi haoni taabu kujua nyumba zetu huwa tupu saa ngapi katika mwezi huo, wala si siri kwake kwamba wazee wetu hupenda kuweka dhahabu kabatini.

Tunaloliandikia leo ni jingine. Ukutani, juu ya mlango ule ule uliovunjwa, palikuwa na kamera. Askari alipotuomba picha tuliifungua mashine ya kurekodia, tukakuta weusi mtupu. Picha ya mwisho ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma, usiku wa mvua kubwa.

"Kumbe ina jicho lakini haioni?" mama aliuliza. Hakuna aliyemjibu.

Kamera haikuwa na kosa. Tuliishusha, tukaiunga mezani kwa waya mfupi, ikawaka vizuri. Kosa lilikuwa la waya, na waya tuliuchagua wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2022 tulipoziweka kamera tatu za nyumba hii, tulitoa fedha nyingi katika kamera, kisha tukabania katika waya. Tulichukua bunda rahisi kuliko yote, la rangi nyeupe, lililotengenezwa kwa matumizi ya ndani. Ami na vijana walipanda ngazi Jumamosi moja, na Alasiri haikuingia illa kazi ilikuwa imekwisha. Tukanywa chai kwa vitumbua, huku tukijisifu kwamba tumeokoa ujira wa fundi.

Sasa tueleze tulichokikuta tulipoufungua waya ule. Kichwa chake cha plastiki, kile kinachochomekwa katika mkia wa kamera, kilikuwa kimeachwa kikining'inia nje, kimezungushiwa utepe mweusi wa umeme. Utepe huo ulikuwa umebanduka, na ndani yake meno ya shaba yamegeuka kijani. Kamera hizi hazina waya mwingine wa umeme. Nguvu yake, kiasi cha volti 48 hivi, hupita katika waya ule ule unaochukua picha. Maji yakiingia mahali penye umeme wa namna hiyo, huila shaba upesi kuliko kutu ya kawaida. Yaani tone moja la mvua lilikuwa likifanya kazi usiku na mchana bila sisi kujua.

La pili lilituudhi zaidi. Tulipoukata waya tuliona nyuzi zake si shaba, bali ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukiikwaruza kwa wembe, ule wekundu hutoka na weupe huonekana. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, hupata moto zaidi inapobebeshwa nguvu, na hukatika ikikunjwa mara kadhaa. Pale tulipoupinda kwenye kona ya ukuta, uzi mmoja ulikuwa umekwisha kukatika. Bunda la alumini ni jepesi mkononi, na bei yake huwa ndogo kwa namna inayotia shaka. Anayenunua na aulize kwa maneno yasiyo na utata: je, ni shaba tupu? Akijibiwa kwa kuzungukazunguka, aondoke.

La tatu lilikuwa ganda. Ganda la waya wa ndani aghalabu ni la PVC ya kawaida, nayo haikukusudiwa jua wala unyevu wa miaka. Jua huikausha ikapasuka, na mpasuko ukishapatikana maji huingia na kutembea ndani ya ganda mpaka mwisho wa waya. Hata Uingereza, ambako twalalamika kuwa jua halionekani, ukuta unaotazama kusini hupata jua la kutosha kuharibu. Jamaa zetu walioko Maskati wanatwambia kwamba kwao waya mweupe juu ya dari ya nyumba hauna maisha; nasi twawaamini, maana joto la kule twalijua.

Waya wa nje hasa huwa na ganda la polithini, na kwa kawaida ni mweusi. Weusi huo si urembo. Ni masizi ya kaboni yaliyochanganywa ndani yake ili kuizuia miali ya jua. Ule wa kuzikwa ardhini huwekwa pia mafuta mazito kama jeli kati ya nyuzi ili maji yasipate njia. (Jeli hiyo huchafua mikono kwelikweli, kanzu nyeupe isikaribie.) Ila polithini ina aibu yake: hushika moto kwa urahisi. Kwa hiyo haifai kuutandaza waya huo nyumba nzima. Uingie ndani kidogo tu, kisha uungwe na waya wa ndani.

Mara hii hatukuwa na haraka. Tulinunua waya mweusi wa shaba tupu wa daraja la Cat6, ingawa Cat5e ungetosha kwa kamera zetu. Urefu wa kila waya usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi. Wetu mrefu kabisa haufiki 30. Nyuma ya kila kamera tuliweka kisanduku cha plastiki kisichoingia maji, na maungio yote yakakaa ndani yake. Chini ya kila kisanduku tuliuacha waya ulegee, uteremke kidogo kisha upande, ili mvua inayofuata waya idondokee chini ya kitanzi badala ya kuingia. Tundu la ukutani tulilitoboa upya kwa keekee, likiinama kuelekea nje. Lile la zamani liliinama kuelekea ndani, na ndiyo siri ya kuvu lililokuwa likirudi nyuma ya kabati kila msimu wa baridi, nasi tukimlaumu fundi bomba. Tulilijaza silikoni.

Mahali ambapo mtu angeweza kuufikia waya kwa mkono, tuliupitisha ndani ya bomba gumu la plastiki. Sababu si mkasi wa mwizi pekee, bali pia meno ya kuchakuro, ambao katika mtaa wetu hutembea juu ya ua kama wenye nyumba. Waya wa kwenda bandani kule nyuma tuliuzika ndani ya bomba, mbali na waya mkubwa wa umeme.

Kisha likaja jambo ambalo halimo dukani. Tulipoipandisha kamera ya nyuma, picha yake ilionyesha nusu ya bustani ya jirani, bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake. Vijana walifurahi kwamba inaona mbali. Mama alikataa katakata. Alisema sisi tulioibiwa haki yetu hatuwezi kugeuka kumwibia mwingine sitara yake, na Sura ya Hujurat imekwisha kutukataza upekuzi. Sheria ya nchi nayo, ya mwaka 2018 kuhusu taarifa za watu, humfikia mwenye kamera picha zake zinapovuka mpaka wa nyumba yake. Tuliiinamisha kamera, tukaziba kwa weusi sehemu iliyobaki, na mama akaenda mwenyewe na sahani ya mikate ya kumimina kumweleza yule bibi. Ndipo tulipopata kujua kwamba usiku ule alisikia kioo kikivunjika, akadhani ni watoto wetu.

Dhahabu haikurudi. Kimebaki kikuku kimoja tu, alichokuwa amekivaa siku hiyo. Kila Ijumaa baada ya Magharibi mtoto mmojawapo huifungua mashine na kutazama kama kamera zote tatu zimerekodi, akaandika tarehe katika daftari la jikoni. Mwezi wa Januari 2025, baada ya mvua za siku nyingi, tulipanda ngazi tukakifungua kisanduku cha mlango wa nyuma. Ami alitia kidole ndani, akakitoa, akamwonyesha mama aliyekuwa amesimama chini na mwavuli. Kilikuwa kikavu.