Upande wa Pili wa Kanda

Watengenezaji wa michezo ya kompyuta ni watu wanaopenda kuamua kila jambo. Wao ndio wanaopanga barabara ipite wapi, jua lizame saa ngapi, na mpita njia akigongwa aanguke kifudifudi au chali. Kwa hiyo nilistaajabu, mwaka 2010, nilipoonyeshwa kwamba katika mchezo mmoja mashuhuri watu hao waliacha mahali patupu kwa makusudi, wakamwachia mchezaji apajaze mwenyewe.

Mchezo wenyewe unaitwa Grand Theft Auto: San Andreas. Ulitoka mwaka 2004 kwa ajili ya mashine za PlayStation 2, na mwaka uliofuata ukatolewa kwa kompyuta. Mimi siusifu. Jina lake linatangaza wizi wa magari, na ukiutazama kwa dakika tano utaona kuwa jina halikudanganya. Lakini ni lazima niseme kweli: miji yake, jangwa lake na barabara zake ndefu zinavutia macho, hata macho ya mwalimu mstaafu kama mimi. Kila gari unaloliiba lina redio, na redio hiyo ina vituo 11, vingi vyao vya muziki, na kimoja cha maongezi matupu. Hadithi imewekwa katika mwaka 1992, na nyimbo zimechaguliwa ziufae wakati huo na nchi hiyo ya Marekani. Cha Kiswahili hakuna hata kimoja, wala sikutegemea kiwepo.

Mahali patupu ninapopasema ni folda. Ukishausimika mchezo katika kompyuta, unajitengenezea folda yake ndani ya My Documents, na ndani ya folda hiyo kuna nyingine iitwayo User Tracks. Humo ndimo unamotia nyimbo zako. Unanakili faili zako za MP3, unafungua mchezo, unakwenda kwenye menyu ya sauti, unaiamuru kompyuta izitafute. Ikishazipata, kituo chako kinajiunga na vile 11. Unaweza kuchagua nyimbo zifuatane kwa mpangilio au zichanganywe kama karata. Kazi yote haifiki robo saa, isipokuwa umeme ukatike.

Aliyenionyesha hayo ni mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye kwa desturi yetu ni mwanangu. Alikuwa na miaka 19, akiishi nasi hapa Mtwara mjini. Mama yake alifariki mwaka 1995, yeye akiwa na miaka minne. Alikuwa tayari ametia Bongo Fleva na muziki wa dansi katika folda yake, na alikuwa akiendesha gari la wizi katika jangwa la Wamarekani huku akisikiliza vinanda vya Dar es Salaam. Nilicheka. Ndipo akaniuliza: "Mama mdogo, ile kanda ya ngoma bado unayo?"

Kanda hiyo ilirekodiwa mwaka 1993 katika kijiji kimoja upande wa Kilambo, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, ambako mikoko inaanza na viboko huwafukuza watu mashambani usiku. Mama yetu mkubwa aliishi huko, naye alikuwa nyakanga, yaani mwenye kuongoza unyago wa wasichana. Yeye mwenyewe alizaliwa ng'ambo, upande wa Msumbiji. Wamakonde wako kando zote mbili za mto, na nyimbo zao zilivuka kwa mtumbwi zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiria pantoni. Dada alikwenda na redio kaseti ya betri akarekodi pande zote mbili. Upande wa kwanza ni sindimba ya uwanjani, inayochezwa mbele ya kila mtu. Upande wa pili ni mambo ya ndani. Mama mkubwa aliona wanaojua wanapungua mwaka hadi mwaka, akataka akumbukiwe neno kwa neno na wale watakaomrithi kazi.

Kuihamisha kanda kwenye kompyuta ni kazi ya subira. Unatafuta waya wenye vichwa viwili vilivyo sawa, kimoja unakichomeka mahali pa visikizi kwenye redio, kingine kwenye tundu la rangi ya buluu nyuma ya kompyuta. Hapana njia ya mkato: upande wa dakika 30 unataka dakika 30, na kompyuta inasikiliza kama sisi tunavyosikiliza. Rekodi ghafi ya upande mmoja ilikula megabaiti 300 hivi. Ilipogeuzwa kuwa MP3 ya kawaida ilishuka ikawa chini ya 30. Kijana alinieleza kwamba hupunguzwa kwa kuondoa yale ambayo sikio la binadamu haliyashiki sana. Nilimwuliza ni sikio la nani waliyempima, maana ngoma zetu zina sauti za chinichini ambazo mgeni hazisikii lakini mchezaji ndizo anazozifuata. Hakuwa na jibu, nami sikumshikilia.

Upande wa kwanza ulikwisha salama. Sikuona ubaya wa sindimba kuingia katika gari la Wamarekani. Baada ya Uhuru ngoma hiyo ilichukuliwa na vikundi vya taifa, ikachezwa majukwaani nchi nzima, hata watoto wa shule wasiojua Mtwara iko wapi wakafundishwa kukata kiuno mbele ya viongozi. Iliyokwisha kupita majukwaa yote hayo, haiwezi kudhurika kwa mchezo wa kompyuta.

Akaugeuza upande wa pili. Kanda ilikwaruza kidogo, kisha ikasikika sauti ya mwanamke kijana ikiuliza kama mashine inazunguka, ikawaambia wenzake wasubiri, anywe maji kwanza. Akacheka. Watu wakacheka naye.

"Huyo nani?" kijana aliuliza.

"Mama yako," nikasema, na nikaizima redio kabla ngoma haijaingia.

Alinitazama kama niliyempokonya sahani. Hapakuwa na kanda nyingine. Picha zipo, tatu, lakini picha haisemi. Sauti ya mama yake, ambayo hakuikumbuka hata chembe, ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo ni ndani ya nyimbo ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia. Alisema maneno mengi siku ile. Alisema mambo hayo yamepitwa na wakati. Kwamba wimbo ni sauti, na sauti ni ya aliyeirithi. Kisha akasema lile lililonigusa: kwamba kila mtu katika ukoo ana haki ya kumsikia mama yake isipokuwa yeye, kwa sababu tu alizaliwa mwanamume.

Nilijiuliza nani angetuamua. Serikali? Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Lakini sheria haiingii chumbani kwa kijana anayesikiliza peke yake bila kuuza kitu. Isitoshe, nakala yake ya mchezo ilikuwa imepita mikono mingi, na sidhani kama mkono hata mmoja ulilipa. Kompyuta nayo haijui mwiko. Ukiiambia itafute nyimbo katika folda, inatafuta zote, na ukiiambia izichanganye, itakuletea wimbo wa ndani mchana kweupe, mbele ya marafiki waliokuja kutazama mchezo.

Miaka michache baadaye nilisoma jambo lililonirudisha kwenye swali hilo. Mwaka 2014 baadhi ya nyimbo za mchezo huo huo ziliondolewa katika nakala zilizokuwa zikiuzwa kwa njia ya intaneti, kwa kuwa muda wa leseni zake ulikwisha. Kumbe hata huko nyimbo zina mipaka: huu uchezwe na fulani, mpaka tarehe fulani, zaidi ya hapo utolewe. Hakuna aliyewaita washamba. Mipaka yao imeandikwa na mawakili, nayo ya mama mkubwa ilikaa kichwani mwake, basi.

Nilikwenda kwake nikiwa na redio na kanda kikapuni. Nilimkuta anaanika muhogo. Nilimweleza yote, hata habari za gari la wizi, ambazo alizipokea kwa utulivu kuliko nilivyotazamia. Alitaka kusikia. Tuliingia ndani tukafunga mlango, tukasikiliza upande mzima, dakika 30, naye akiimba kwa midomo bila kutoa sauti. Ilipofika sehemu anayoongoza dada, aliacha kuimba.

Kanda ilipokoma alikaa kimya kitambo. Kisha akasema nyimbo hazitoki. Mwenye kuziimba amekufa lakini wasichana bado wanazaliwa, na siku wavulana watakapozisikia njiani hapatakuwa na kitu cha kuwafundishia ndani. Nilijua angesema hivyo, nami nilikubaliana naye. Mpaka leo nakubaliana naye, ingawa nilikuwa na uso wa yule kijana mbele yangu.

"Lakini kule mwanzo," akasema, "kule anakoomba maji. Hiyo si nyimbo. Maji huombwa na kila mtu. Mpe mtoto."

Ile kazi niliifanya mwenyewe, usiku, kijana akiwa amelala, kwa kuwa sikutaka akate yeye na mkono upitilize. Unaona sauti kwenye kioo imechorwa kama mawimbi madogo; unaweka alama pale kicheko kinapoisha na kabla ngoma haijagonga, unakata. Zilikuwa sekunde 14. Faili ilikuwa na kilobaiti zipatazo 220, ndogo kuliko barua yenye picha. Rekodi nyingine ya upande ule niliifuta, na kanda niliirudisha kwa mama mkubwa, ambaye mwaka 2016 aliiacha mikononi mwa mrithi wake.

Kijana aliipa faili jina la Maji, akaitia katika folda pamoja na sindimba na nyinginezo, akaamuru zichanganywe. Nilimshauri aiweke pembeni, aisikilize peke yake kwa heshima. Akasema hataki kuitafuta, anataka imjie.

Basi ilikuwa ikimjia. Anaendesha, unasikia Bongo Fleva, unasikia tumba za Kilambo, halafu ghafla dada anauliza kama mashine inazunguka. Kijana husimamisha gari kando ya barabara. Katika mchezo ule ukishuka garini redio inakatika, kwa hiyo hashuki. Hukaa, injini ikinguruma, magari ya wengine yakimpigia honi, mpaka wimbo mwingine uanze.