Usinunue Ziwa, Nunua Majirani

Wasee, kila wiki lazima nikutane na ile video. Unaijua. Droni inapaa juu ya ziwa, jua linazama, halafu sauti inakuambia uhame Nairobi, ununue kinyumba kando ya maji na uishi polepole. Chini yake watu wanajazana kuandika kwamba hiyo ndiyo ndoto yao. Siwalaumu. Ukiishi keja ambayo unasikia jirani akipiga mswaki, kimya kinaonekana kama kitu cha kununuliwa kwa ekari.

Mimi pia hutengeneza video. Ndiyo kazi inayonilisha tangu niache chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana. Kwa hivyo najua jambo moja kuhusu kamera: haina pua na haina kumbukumbu. Haiwezi kukuletea harufu ya omena zikianikwa juani, na haijui maji yalikuwa wapi miaka mitano iliyopita.

Nasema haya kwa sababu mathe ananunua nyumba Rusinga.

Mathe ni Mkamba wa Machakos, lakini kabla hatujazaliwa alikuwa mpishi wa shule huko Mbita kwa miaka sita. Tangu hapo, kila Nairobi inapomchosha, anasema, "Mimi nitazeekea ziwani." Tulidhani ni uchovu tu unaongea. Halafu mwaka jana chama chake kikagawana akiba ya miaka 14, mimi na braza tukaongeza chetu, na maneno yakapata doo. Shilingi 1,200,000. Kwenu huenda ni kidogo. Kwetu hiyo ni kila kitu, na hakuna nyingine nyuma yake.

Kama hujawahi kufika, Rusinga ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, kimeunganishwa na mji wa Mbita kwa daraja. Ndiko alikozikwa Tom Mboya. Kutoka Nairobi ni karibu kilomita 400. Kimya kipo, lakini si kile cha video. Usiku wa giza wavuvi wa omena huingia majini na taa zao, na ziwa linawaka kama mtaa mwingine umejengwa pale. Alfajiri injini zinarudi na akina mama wanabishana bei kabla hujafungua jicho. Kukiwa na matanga, spika inaweza kuimba mpaka kuche. Kuna mbu wa malaria, kuna kichocho majini, na kiboko akitoka usiku kula nyasi hakuulizi kama una hatimiliki.

Dalali mmoja alitutumia picha za nyumba ya vyumba viwili, paa la mabati, hatua chache kutoka majini. Alitaka laki mbili za kushikilia ploti kabla ya Ijumaa, maana "kuna mtu wa Kisumu anaingoja." Braza alikuwa tayari kutuma usiku huohuo. Mathe hakusema ndiyo wala hapana. Alikodi chumba pale senta kwa wiki mbili, akaniambia niandamane naye. "Na hiyo kamera iache kwa begi," akasema. "Tunaenda kusalimia watu."

Kweli tulisalimia watu. Siku mbili nzima hatukutaja ploti. Siku ya tatu tukakaa chini ya mwembe kwa nyanya mmoja anayepakana na ile nyumba. Kila mtu hapo anamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kwa hivyo hata sisi tukamwita hivyo. Mathe bado ana Kijaluo chake cha jikoni, akachanganya na Kiswahili, Dani akacheka mpaka akashika mbavu. Baada ya hapo mathe akauliza maswali matatu. Bei haikuwa mojawapo.

La kwanza: "Dani, maji yalifika wapi?"

Dani hakuonyesha ziwa. Aligeuka akaonyesha nyuma yetu, juu, shina la mti ulio upande wa pili wa ile nyumba ya kwenye picha. "Hapo, nyathina." Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na familia nyingi kando yake zikahama. Maji yakapanda tena 2024. Nyumba ya kaka yake Dani ilisimama chini kidogo ya pale. Alituonyesha mahali penyewe, na tuliona matete tu na ndege mweupe. Ile nyumba yetu ya hatua chache ilishakaa ndani ya maji, ikatoka, ikapakwa rangi.

La pili: "Hapa amezikwa nani?"

Mimi nilidhani ni swali la adabu. Kumbe ni swali la umiliki. Kaburi la mzee lilikuwa nyuma ya choo, na tulipofanya sachi kwa ofisi ya ardhi, jina lililotoka lilikuwa lake. Marehemu. Aliyekuwa anatuuzia ni mjukuu, na wajukuu wako wanne. Mmoja yuko Mombasa na hakuwa amesikia lolote. Kisheria, shamba la marehemu haliuzwi mpaka familia ipitie mahakama ya urithi na ile hati ya usimamizi ithibitishwe. Kabla ya hapo unanunua makubaliano ya mtu mmoja, na makubaliano hayazuii ndugu watatu kukuamsha asubuhi.

La tatu: "Njia ya kwenda majini inapita wapi?"

Inapita katikati ya ile ploti. Akina mama wanaitumia kuchota maji, watoto kuoga, wavuvi kubeba nyavu. Dalali alikuwa ametuambia tunaweza kuweka ua mpaka majini, ziwa liwe letu peke yetu. Katiba yetu, kifungu cha 62, inasema maziwa ni ardhi ya umma. Hakuna anayeuziwa ziwa. Hata tukiacha sheria, hebu fikiria mathe, mwanamke wa miaka 58, mgeni, anafika na jambo lake la kwanza ni kuwafungia majirani maji.

Wajaluo wana neno jadak. Ni mtu anayeishi kwenye ardhi ambayo si ya ukoo wake. Hatimiliki yako inaweza kuwa safi kama theluji ya Mlima Kenya, lakini bado wewe ni jadak. Niliposikia hivyo nilikasirika kidogo, nikamwambia mathe hiyo ni ubaguzi. Akaniuliza, "Kule Kayole, tukiwa wagonjwa, ni nani alituletea uji?" Ni Mama Otis wa mlango wa tatu. Hatukuwa ukoo wake pia. Mathe alikuwa amekaa na mtoto wake mara nyingi kabla ya hiyo siku. Alichokuwa anasema ni kwamba ujirani hauandikwi kwenye karatasi, unalipwa kidogokidogo, na mgeni ndiye anayeanza kulipa.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia. Watu wa mjini tunadhani tunanunua mandhari na kimya. Lakini mahali padogo, kinachokulinda ni watu. Kinachokuambia ukweli pia ni watu, maana picha ililipiwa na anayeuza. Dani hakuwa anapata chochote kwa kutuonyesha ule mti. Angeweza kunyamaza. Tulikaa naye, naye akatuokolea laki mbili.

Ijumaa ilipofika mathe alimpigia dalali. "Kijana wangu, kama kuna mtu wa Kisumu, mpe yeye." Akakata simu. Imepita miezi minne sasa. Ile ploti bado inatangazwa, jua lile lile likizama.

Na nyumba tuliipata, kupitia Dani huyohuyo. Mwalimu mstaafu anahamia kwa binti yake Kisumu. Nyumba iko juu, dakika 20 kwa miguu kutoka majini, na ziwa unaliona ukisimama nyuma ya jikoni tu, tena nusu. Hatimiliki iko kwa jina lake mwenyewe. Bei ni Sh950,000, na kilichobaki ni cha wakili, ushuru wa stempu ambao vijijini ni asilimia 2, na tangi la maji. Kwa sababu ni shamba la kilimo, lazima bodi ya ardhi ikubali mauzo, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kutia saini. Bila idhini hiyo mauzo ni bure kabisa. Siku ya bodi mke wa mwalimu alikuja pia, akaulizwa mbele ya watu kama anakubali. Alikubali. Sasa tunangoja usajili.

Najua mtu ataandika hapo chini kwamba sisi wa mjini ndio tunapandisha bei, na vijana wa huko watashindwa kununua kwao. Huyo ana haki. Sina jibu la kumnyamazisha. Ninachojua ni kwamba kuna tofauti kati ya anayenunua ili akae na anayenunua ili afunge geti na kuja Desemba. Wa pili anaacha nyumba yenye giza miezi 11, na kijiji cha nyumba za giza hakina wa kukimbilia ukipiga nduru.

Kwa hivyo, mse, ukiwa na ndoto yako ya ziwa, iwe Naivasha, Baringo au Victoria, usiiache. Lakini nenda bila kamera. Nenda msimu wa mvua. Lala hapo usiku ambao hakuna mwezi. Uliza maji yalifika wapi, amezikwa nani, na njia inapita wapi. Muulize mtu asiyepata kamisheni. Na ukizunguka siku tatu usipate jirani hata mmoja wa kukujibu, funga begi urudi na doo zako. Hapo pia umejibiwa.