Ningalikaa Koloni Gani?

Katika somo la historia tulitakiwa kuandika insha: kama tungaliishi zamani za makoloni ya Waingereza huko Amerika ya Kaskazini, tungalichagua kukaa koloni gani? Wenzangu wengi walichagua Massachusetts kwa ajili ya elimu. Kweli, chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na sheria ya 1647 iliamuru kila mji wenye jamaa 50 uweke mwalimu wa kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Ni mwanafunzi gani asiyetamani mahali kama hapo?

Lakini mimi nilijiuliza kwanza: ningalifika huko kwa njia gani? Mwingereza alilipa nauli, au alifunga mkataba wa kutumika miaka kadhaa, kisha akawa huru. Mtu wa rangi yangu alifungwa minyororo akauzwa, wala hakuulizwa apenda koloni lipi. Basi nikayapima makoloni kwa kipimo hicho.

Virginia ilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Massachusetts yenye shule nzuri ilikuwa imekwisha kuruhusu utumwa katika sheria zake za 1641. Rhode Island iliwapa watu uhuru wa dini, lakini baadaye wafanya biashara wake walipeleka merikebu nyingi Afrika kununua watu. Georgia ilikataza utumwa mwaka 1735, nikafurahi. Kumbe mwaka 1751 iliufungulia mlango.

Nikachagua Pennsylvania. Msidhani ilikuwa peponi, maana William Penn mwenyewe, aliyepewa koloni hilo mwaka 1681, alikuwa na watumwa. Sababu yangu ni moja tu. Mwaka 1688, katika mji mdogo wa Germantown, wanaume wanne waliwaandikia Wakweka wenzao barua ya kupinga utumwa, wakiwauliza kama wao wenyewe wangekubali kutendewa hivyo. Barua ilipelekwa baraza moja hata jingine, kisha ikawekwa kando. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa. Mwaka 1776 Wakweka wa Philadelphia waliwakataza watu wao kumiliki watumwa, na mwaka 1780 Pennsylvania, iliyokuwa si koloni tena, ikatunga sheria ya kuumaliza utumwa polepole.

Mwenzangu mmoja alinicheka. "Toka 1688 hata 1780 ni miaka 92," akasema. "Wewe ungalikufa mtumwa." Sikuweza kumkanusha. Hata mtoto aliyezaliwa na mama mtumwa baada ya sheria hiyo aliweza kutumikishwa mpaka atimize miaka 28. Lakini mahali ambapo hapana hata mmoja asemaye, "Jambo hili ni baya," mtumwa hawezi kuwatumainia hata wajukuu wake.

Ndugu wasomaji, msomapo sifa za nchi yo yote, msihesabu shule zake tu. Ulizeni pia ni nani aliyeingia kwa hiari yake, na ni nani aliyeingizwa kwa kamba.